Shaba Iliyoshika Sura ya Baba

Ujerumani,
Jumapili mchana, jua linawaka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kabla bahasha haijachanika vizuri, na sasa unamwambia Kaka Yusufu asome polepole. Kaka, soma polepole. Goti linaendeleaje, Mama? Au bado unajikaza kupanda mlima wa Vidunda kwa Shangazi kufuata maharage, halafu usiku unalalamika? Mimi ni mzima kabisa, tena leo nina furaha mpaka kalamu inanikimbia. Kaa vizuri, maana jambo lenyewe nalianzia mbali.

Siku ninaondoka Kilosa ulinipa negativu ya Baba. Mpiga picha mzima wa Mikumi, amepiga madereva wa malori, amepiga maharusi, amepiga Wamasai na ng'ombe wao, lakini yeye mwenyewe alikuwa na picha moja tu. Ni ile niliyompiga mimi nikiwa mtoto, amesimama mbele ya shuka nyeupe, koti jeusi amelifunga hadi shingoni. Mafuriko yakalibeba sanduku zima la picha, tukabaki na negativu tu. Ukaniambia, "Nenda nayo, Rehema. Nimeanza kuisahau pua yake." Maneno hayo yaliniuma sana, sikukwambia.

Morogoro walikuwa wameshatukatalia, kwamba mashine zao mpya za rangi hazipokei negativu kubwa za kizamani. Dar es Salaam nako wakasema hivyohivyo. Siku hizi biashara ni huria, maduka yamejaa filamu za kila aina, na mpiga picha wetu akakosa pa kusafishiwa picha yake! Hata nilipofika huku niliogopa kumwachia mtu nisiyemjua kitu ambacho hakina cha pili. Nikaiweka ndani ya kamusi, ikakaa humo.

Sasa kazi yangu. Umeniuliza mara nyingi ninafanya nini huku, nami nimekuwa nikijibu "kemia" kwa mkato. Tunatengeneza kitambaa kinachopitisha umeme. Ndiyo, Mama, kitambaa cha pamba, laini, unaweza kukikunja. Tunakivika shaba. Shaba inakuwa imeyeyuka ndani ya maji ya buluu, lakini ukitumbukiza kitambaa kitupu hakitokei kitu. Lazima kwanza nyuzi zipakwe chembe za madini ya fedha. Hizo ndizo zinazoitwa kichocheo. Zinafanya kazi kama lile kaa la moto unaloomba kwa jirani asubuhi: likishawasha makaa yako, moto unaendelea wenyewe. Shaba ya kwanza inajishika kwenye fedha, halafu inaivuta nyingine.

Basi, siku moja lililetwa jora jipya la kitambaa, nikaambiwa nikilaze kwenye maji ya fedha. Unajua mikono yangu ilifanya nini? Ilikiloweka kwanza kwenye chumvi! Khanga ngapi mpya umenilowekesha uani pale? Nikakikamua vizuri nikakitumbukiza, na maji ya fedha, yaliyokuwa meupe pee kama ya mvua, yakageuka maziwa mbele ya macho yangu. Tanki zima limeharibika.

Bi. Hedwig, mkubwa wetu wa maabara, akaja mbio.

"Rehema, umetia nini humu?"

"Chumvi."

"Chumvi ya kula?"

"Kwetu kitambaa kipya hakifuliwi bila chumvi, rangi isije ikachuja."

Akakiangalia kitambaa, akaniangalia. "Lakini hiki ni cheupe. Kingechuja rangi gani?"

Wenzangu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Yeye hakucheka, maana fedha ni ghali. Aliniambia nitoe uchafu wangu nisiguse tena tanki. Nikakitandaza kile kitambaa dirishani, nikakiwekea mkasi kisipeperuke, nikaenda chooni kulia.

Niliporudi kilikuwa cheusi. Nikainua mkasi, na chini yake palikuwa peupe, umbo la mkasi limekaa pale na matundu yake yote ya vidole. Nikapiga kelele! Maana nilikijua kitu kile. Kile chumba cha Baba cha giza pale Mikumi, unakumbuka ulivyokuwa ukifungua mlango kumwita kula, naye anafoka kwamba karatasi zake zote zimeungua? Ni fedha na chumvi ileile, na mwanga uleule. Nilimvuta Bi. Hedwig kwa mkono, heshima zote nimesahau. Naye hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Shaba," akasema, "tukitie kwenye shaba haraka."

Jaribio la kwanza likashindwa: shaba ilifunika kila mahali na mkasi ukapotea. Ndipo nikakumbuka beseni la mwisho la Baba, lile lenye dawa inayonuka ya kuondoa fedha ambayo haijapigwa mwanga. Tukaandaa kingine, tukakipitisha humo kwanza. Shaba ikashika palepale mwanga ulipogusa, kwingine pakabaki pamba tupu! Sasa tunaweza kuuchorea umeme njia yake juu ya kitambaa. Bi. Hedwig amenikumbatia, mtu ambaye hata mkono hutoa kwa shida. Mkasi ule ameutundika ukutani.

Jioni ile nilimwomba ruhusa, nikaitoa negativu kwenye kamusi, na kesho yake nikailaza juu ya kitambaa dirishani, pale palipokuwa mkasi.

Kwa hiyo funua ile karatasi laini iliyomo ndani ya bahasha. Taratibu. Huyo ndiye Baba. Shuka ni pamba yenyewe, koti ni shaba, na uso ni shaba, karibu kabisa na rangi yake ya siku zote. Pua imetoka vizuri, iangalie. Kiweke ndani ya nailoni kisipate unyevu. Na nakuomba sana, usikiloweke kwenye chumvi!

Nisalimie Shangazi wa Vidunda, na Mama Nasieku anayetuletea maziwa, mwonyeshe picha, maana Baba alikuwa akimdai atabasamu. Wifi Anna mpe pole ya malezi. Nawe Kaka, fundi redio wetu, usijifiche nyuma ya barua. Kuna kazi yako.

Chukua betri za tochi, balbu ndogo na waya. Viunganishe taa iwake, kisha ukate waya katikati; ncha moja mpe Mama aiweke kwenye shavu la Baba, nyingine aiweke kwenye bega la koti. Mwache ashike yeye mwenyewe, Kaka, wewe usimwahi.

Mama, taa ikiwaka, mpe Baba shikamoo yangu.

Mwanao wa chumvi,
Rehema