Sura ya Lilian

Nahla, nimeishiwa nguvu. Tumetoka Ibighi kwa mama mkwe sasa hivi, mimi na Jotham.

Si unaikumbuka ile sura ya riwaya yake, ya kifo cha dada yake, Lilian? Ile mchapishaji alitaka aiondoe, Jotham akagoma, akaenda kuchapisha kitabu mwenyewe? "Hakuna wa kunipangia," alisema.

Leo kampelekea mama kitabu, akamsomea hiyo hiyo sura. Lilian analia, anamwita mama, mpaka anakata roho.

Mama akamkatisha. "Hakuniita mimi. Alikuwa anakuita wewe."

Jotham mwenyewe, Nahla! Na siku ile alikuwa Dar, hakuja hata kumuuguza.

Jotham akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba. Uliandika tu."