Baba Mkwe Ndani ya Televisheni

Jumamosi, jioni. Mvua haijakatika tangu asubuhi na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya dirishani. Nina hasira.

Nianze na ukweli: nampenda Ambokile. Tuna miezi mitatu ya ndoa, na bado nikisikia viatu vyake nje moyo unaruka. Sikufikiri ningeandika hapa neno baya juu yake. Leo naandika.

Mume wangu ana kibanda cha gemu hapa Bagamoyo, Bagamoyo yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani. Mashine yake ya zamani niliipenda. Wachezaji walikuwa na nyuso kama vitumbua, humjui mtu mpaka usome jezi. Kwa vitumbua hivyo hivyo nilikuwa namfunga Ambokile, tunacheka mpaka machozi.

Wiki tatu zilizopita akaleta mashine mpya kutoka Mbeya. Siku hizi kila kitu kinafika mpaka huku kwetu. Tangu hapo wimbo ni mmoja: "Mke wangu, tazama jasho. Tazama nyasi zilivyolowa. Huwezi kutofautisha na mtu." Tukila, jasho na nyasi. Namuuliza, ifanane na mtu ya nini? Watu si tunao? Anasema sielewi mambo ya kisasa.

Leo mchana nimempelekea chakula. Kibanda kimejaa vijana. Nimeinua macho kwenye televisheni, na anayejiandaa kupiga penalti ni baba mkwe.

Baba mkwe mwenyewe. Kovu kwenye nyusi, mashavu yaliyobonyea, mpaka mvi za kidevuni. Ambokile alimpiga picha kwa simu alipokwenda kwao, kijijini Kyimo, akamtengenezea mchezaji mwenye sura ile.

Kwa ambao si wa huku: kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, wala hakai naye chumba kimoja. Si uadui. Ni heshima, na mimi naishika kwa moyo wote. Uso wake naujua kwa sababu zamani ndiye aliyekuwa akitupimia majani ya chai tulipoyapeleka kuuza kituoni, mimi na mama. Tangu posa sijamtazama. Hata kanisani siku ya harusi niliinamisha kichwa.

Basi nimeacha hotipoti mlangoni, nimejifunika kitenge usoni, nimekimbia.

Nimeikimbia televisheni.

Vijana wamecheka. Mmoja ameita, "Shemeji, usikimbie, mzee bado hajapiga!" Ambokile naye amecheka. Hicho ndicho kinachoniuma.

Amenifuata mpaka nyumbani. "Ni gemu tu, mke wangu. Ni picha."

"Wiki tatu unaniambia huwezi kutofautisha na mtu," nikamwambia. "Leo imekuwa picha? Chagua moja. Kama ni picha, nirudishie vitumbua vyangu. Kama ni mtu, umenivunjia heshima kwa baba yako, mbele ya watu."

Amesimama anadondosha maji kwenye sakafu niliyotoka kupiga deki.

Nikamwambia na lingine. Nikiwa Kyimo, baba yake akija njiani hukohoa tangu mbali ili nipate muda wa kuingia migombani. Magoti yake mabovu, lakini nikiwa nimebeba ndoo, nasikia fimbo yake ikiacha njia na kuingia shambani, anipishe mimi. Hatujawahi kusalimiana tangu niolewe, na najua ananipenda. Yule wa kwenye televisheni ana kovu, ana mvi, ana jasho.

Hakukohoa.

Ambokile ameondoka, ameapa anakwenda kumfuta. Sasa nimekaa najiuliza: nitajuaje kama amemfuta? Kwenda kuhakikisha ni kumtazama. Itabidi nimwamini mume wangu kwa neno lake tu. Nadhani nililiahidi hilo madhabahuni, ila sikujua lingeanza mapema hivi, na kwa sababu ya penalti.

Nasikia viatu vyake kwenye kokoto. Moyo umeruka, mjinga huyu.

Anakohoa. Bado yuko mbali, kule kwenye mti wa parachichi, na anakohoa kama baba yake.

Sitacheka. Nitanuna kwanza, angalau mpaka chai ichemke.