Kengele ya Chumba cha Betri

Rhonda, Nakuru
14 Oktoba 2007

Binti yangu Wachuka,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua kukiwa na baridi. Wewe je, umeizoea hiyo ya Leicester?

Kile kifaa ulichonitumia, cha kunusa gesi ya makaa inayoua watu, nimekitundika kwenye chumba cha betri. Shida ni kwamba nikichaji betri za majirani, kinalia mpaka jirani yetu Kosgei anaacha drafti na kutoka mbio. Na jiko halijawashwa! Anasema Wazungu wamekuuzia kelele. Unakumbuka alivyokuwa akikubeba mabegani tukitoka kiwanda cha pareto, nyote wawili mkinukia maua? Siku zile zilikuwa tamu.

Baba yako

Leicester
9 Novemba 2007

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Sijambo, ila naona upweke. Niliwauliza waliotengeneza kifaa. Wanasema si kibovu. Kinanusa gesi ya makaa, lakini betri zikichajiwa hutoa haidrojeni, na pua yake haitofautishi hizo mbili. Hata hiyo haidrojeni hulipuka, kwa hivyo fungua mlango kila kikilia. Tafadhali usikizoee.

Jana mvua ilinyesha nikangojea harufu ya vumbi la Rhonda. Haikuja. Msalimie Kosgei.

Binti yako

Leicester
4 Februari 2008

Baba,

Uko salama? Simu yako haishiki. Nakuru naiona kwenye televisheni ikiwaka kwa vurugu za uchaguzi. Niandikie hata mstari mmoja. Kosgei na mkewe wako wapi?

Binti yako

Rhonda
20 Februari 2008

Wachuka wangu,

Niko hai. Pole kwa kukutia wasiwasi.

Mwezi uliopita vijana walizunguka huku wakitafuta watu wa kabila la Kosgei. Nikamficha yeye na mkewe kwenye chumba cha betri, tukaziba dirisha kwa magunia. Asubuhi moja ya mvua Kosgei na mkewe waliingiza jiko la makaa wapike chai. Mimi nilikuwa langoni nawaambia vijana naishi peke yangu, kengele ya kile kifaa ikalia.

"Mzee, nini hiyo?"

"Ni betri. Nikichaji hulia hivyo."

Wakacheka, maana mtaa mzima unaijua kelele hiyo. Lakini Wachuka, stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Hakukuwa na betri inayochajiwa, ila jiko la makaa tu. Nilisimama pale nikitabasamu, nikijua watu wangu wanakufa nyuma yangu, mpaka yule wa mwisho akapinda kona.

Nikakimbia na magoti haya. Nao mle ndani, kwa mazoea, walidhani ni betri. Kosgei alikuwa ameanguka karibu na mlango, mkewe juu ya magunia. Niliwaburuta hadi jikoni, nikafungua kila dirisha. Kosgei alipofumbua macho akauliza, "Umeniita?" Nililia kama mtoto.

Baadaye lori la polisi liliwachukua. Sasa wako kwa shemeji yake, Olenguruone. Mkewe bado anaumwa kichwa, lakini anatembea.

Jioni za hapa zimekuwa ndefu.

Baba yako

Olenguruone
8 Juni 2008

Binti yangu,

Usishtuke kuona nimeandika kutoka huku. Hujambo? Mimi sijambo, nimenenepa kwa maziwa.

Majirani walinikataza kuja. Walisema mtu wa kabila langu hana kazi milimani kwa kina Kosgei mwaka huu. Nilipoteremka sokoni watu waliacha biashara wakanikodolea macho, nami nikajuta. Kisha nikamwona Kosgei, amenyoa, amevaa koti lake la kanisani. Hakuningoja pembeni. Alikuja katikati ya barabara, akanikumbatia, akaniita ndugu yake kwa sauti ya kusikika soko zima, na hakuniachilia mpaka watu wakarudi kwenye biashara zao.

Baba yako