Wifi, Nimefika Sur Peke Yangu

Wifi yangu Salha,

Kwanza usinune. Najua barua imechelewa, lakini na wewe hukuaga. Uliniacha jikoni nakukaangia sambusa, ukasema unakwenda kujilaza kidogo, na hicho kidogo chako ndicho mpaka leo. Sambusa wakazila wageni wa matanga.

Huku Sib hatujambo. Joto limevunjika. Majira haya kwetu Unguja yangeitwa vuli na tungekuwa mbioni kuanua nguo. Hapa mvua hakuna, ila asubuhi unaweza kufungua kioo cha gari usiungue uso. Ndio wakati wetu, si unakumbuka? Kila mwaka joto likilegea tulikuwa tunatoka, mimi na wewe, kuwazungukia watoto na mashoga. Mimi naendesha gari, na wewe umekaa pembeni unaniendesha mimi. Hukupata kugusa usukani maishani mwako, lakini hakuna dereva Oman nzima aliyepewa amri nyingi kama mimi. "Wifi, punguza, roho yangu si ya kukodi." "Wifi, huyo wa nyuma anawahi mirathi, mpishe." Na gari likipita mia na ishirini likaanza kulia ting, ting, unasema, "Haya, shoga yako anakwita, mwitikie."

Sasa nikupe habari. Rahma ana mimba.

Ndiyo, binti yako Rahma, baada ya miaka yote ile ya wewe kufunga Jumatatu na Alhamisi ukimwombea. Alinipigia simu kutoka Sur, akaniambia mwezi wa saba umeshaingia, aliogopa kusema mapema. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe, kama nitakwenda kumlea uzazi. Unajua swali hilo huulizwa nani. Maji ya moto, uji wa pilipili manga, kumfunga tumbo, kumfukuza mume chumbani, arubaini nzima: hizo ni kazi za mama. Nikamwambia nitakuja, na kabla ya hapo nitakuja pia. Nilipokata simu nililia mpaka wali ukaungua. Nilikula hivyo hivyo.

Nassor hakutaka. Mwanangu huyu, tangu uondoke, amekuwa baba yangu. Anasema Sur ni mbali, sina mtu wa kukaa naye garini, umri nao umekwenda. Ananitaka nihamie kwake Bawshar, ghorofa ya juu, na gari liuzwe. Chumba ni kizuri, sikatai. Kina kiyoyozi chake, na dirisha linatazama maegesho ya duka kubwa. Mtu anaweza kukaa pale akatembelewa mpaka afe. Nikamwambia kutembelewa ni heshima, lakini mimi bado nataka kutembea. Akasema, "Mama, popote utakapo nitakupeleka mimi." Wifi, mtoto huyu ameniahidi kunipeleka ufukweni Qurum tangu Ramadhani, na Qurum si Uchina.

Mwisho tukapatana: safari moja ya majaribio. Nizwa kwa binti yangu Asya, Ibra kwa Bi Fatma, Sur kwa Rahma, nirudi kwa njia ya pwani. Likitokea lolote, hata pancha, funguo ni zake na mimi nahamia Bawshar. Na nikihamia Bawshar, Rahma atajifungua bila ya mama, maana Nassor atanipeleka "wiki ijayo inshallah" mpaka mtoto aanze shule.

Haya, njoo kwenye vyombo. Matanga yako yalikuwa makubwa, hongera. Watu walileta vyakula kutoka kila pembe wakaniachia vyombo vyao. Vingi nilikwisha kuvirudisha, vikabaki vitatu vya watu wa mbali: hotpoti kubwa nyekundu, sinia la bati lenye maua, na sufuria iliyobonyea ubavuni. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo hata mtoto analijua, basi nikapika visheti, vileja na mikate ya ufuta, nikavijaza. Lakini vya nani? Zamani nilikuwa nakugeuzia chombo tu. Unatazama kitako chake, ile alama ya rangi ya kucha, unasema, "Hiki cha fulani, usimtilie vitamu, ana sukari." Mimi najua njia, wewe unajua watu. Safari hii alama zilikuwa zimefutika, na elimu yote umeondoka nayo kichwani. Nikakisia.

Nilitoka asubuhi na mapema. Hotpoti na sinia niliviweka nyuma, na sufuria nikaiweka kwenye kiti chako. Kwa uzito wake gari likadhani ni mtu, likapiga kelele mpaka nikaifunga mkanda. Nisamehe, nafasi yako ilikaliwa na vileja.

Nizwa nilifika salama. Baba mkwe wa Asya alinipokea kwa taadhima zake zile, kanzu imenyooka, uso umenyooka. Unamjua, akicheka ni sikukuu. Nikamkabidhi hotpoti, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha wageni kwamba Mungu amlipe kwa aliyotutendea msibani. Akaitazama hotpoti. Akaitazama tena. Kisha akasema, "Jazaki Allah khair, nilikuwa nikiitafuta." Tukanywa kahawa, tukala halwa, nikatikisa kikombe changu kuonyesha nimetosheka, nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Asya alikuwa mlangoni akinikodolea macho, nikadhani ananionea fahari.

Asubuhi ya pili nikaenda Ibra kwa shoga yetu Bi Fatma, mzaliwa wa Tabora, yule uliyekuwa ukimcheka kwamba anasema Kiswahili kama anasoma taarifa ya habari. Hata salamu hatujamaliza akauliza, "Jamani, ile hotpoti yangu nyekundu umeniletea?"

Nikamkabidhi sinia haraka haraka, labda asahau. Akaligeuza. "Hili silo langu. Yangu ni hotpoti." Watu wa bara hawana kuzungushana. Ikabidi niseme: hotpoti yako iko Nizwa, kwa mkwe wa mwanangu, na ameipokea na kuiombea dua. Siwezi kurudi kumnyang'anya. Bi Fatma alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Akafuta macho kwa mtandio, akasema, "Mwache nayo! Hata mimi nililetewa na watu katika msiba wa marehemu mume wangu. Haikuwa yangu, nikaona haya kuikataa."

Nikampigia Asya. "Mama," akasema, "mkwe hajapata kuiona hotpoti ile maisha yake. Lakini angemkatalia vipi mgeni? Na sasa hana raha, anataka kujua lini atairudisha na aitie nini." Hotpoti ile, wifi, haina mwenyewe. Imezunguka Oman miaka, kila mtu anaipokea kwa adabu na kuipeleka mbele imejaa. Wewe ungeijua tangu mlangoni, na hilo lilinichekesha na kuniuma pamoja. Sinia nimeliacha kwa Bi Fatma, ana jirani mwenye msiba.

Kutoka Ibra mpaka Sur nilishika usukani kwa mikono miwili. Barabara nyeupe, ngamia wawili watatu, na mimi. Nilijua kitakachonikuta kule si vyombo.

Rahma alikuwa nje, mkono mmoja kwenye tumbo. Nikasimamisha gari. Akaja mbio, kwa kadiri mja mzito anavyokimbia, akaupita mlango wangu, akaenda wako. Akaufungua akanyoosha mkono, vile alivyokuwa akikushusha kwa ajili ya goti lako. Nadhani hata hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Akaikuta sufuria imefungwa mkanda.

Tukaitazama wote wawili, yeye upande ule na mimi upande huu. Mwisho Rahma akasema, "Mama amenenepa."

Wifi, tulicheka. Tulicheka mpaka jirani akachungulia, na kicheko kile kile kikageuka kilio, tukashikana pale pale juu ya vileja na mlango uko wazi. Nilikuwa sijalia hivyo hata siku yako. Siku ile nilikuwa na wageni wa kupikia.

Sufuria si yake pia. Lakini alisema imeshafika, basi itakaa.

Nilikaa naye siku mbili. Amenenepa kidogo, mumewe anamtii, nyumba safi. Aliniuliza ulipokuwa na mimba yake ulikuwa ukitamani nini. Nikamweleza yale ya ndimu na chumvi, na vile ulivyomtuma kaka yako akatafute matunda ya shokishoki katika nchi isiyo na shokishoki, akarudi na kopo la mananasi na ukamnunia. Alisikiliza kama mtu anayekunywa maji. Kisha akauliza tena, "Utakuja kweli, mama?" Nikasema nitakuja. Nimekuwa nikiitwa mke wa mjomba na Rahma tangu anaanza kusema. Ile mama aliichomoa bila kunitazama.

Basi, kurudi. Njia ya pwani, bahari iko kulia, upande wako. Nikaanza kukusimulia. Kwa sauti, ndiyo, kama mwehu. Nikakueleza yote, mkwe, hotpoti, Bi Fatma kwenye ngazi, na nilipofika pale pa "Mama amenenepa" nikawa nacheka peke yangu. Gari likawa linalia ting, ting, nikaliambia lingoje, namaliza hadithi. Rada ikanipiga picha. Mwanga ule ulikuwa mkali mpaka nikajua hata ushungi wangu umeonekana ulivyokaa.

Si ningenyamaza? Hakuna aliyeona. Lakini nilisahau kuwa gari kaliandikisha Nassor, na namba ya simu ni yake. Sijafika Quriyat simu inalia. "Mama, hujambo? Naona una haraka."

Nilimkuta Sib, kwenye sebule yangu, kofia kichwani, mkono ameshaukunjua. Sikubishana. Ahadi ni deni. Nikampa funguo, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nililia, wifi, na wala si kwa ajili ya gari. Gari ni bati. Nililia kwa lile neno nililompa Rahma, maana nilimpa nikiwa na funguo.

Lakini Nassor naye alikuwa amesema neno lake: popote utakapo. Basi nikataka. Jumapili mgonjwa Qurum, na baada ya mgonjwa mama wa mgonjwa, angevunjika moyo. Jumatatu mzazi. Jumanne msiba hapa Sib, wanawake ndani, na yeye barazani na wazee, anaona haya kutikisa kikombe kabla yao, akanyweshwa kahawa mpaka mkono ukamtetemeka. Jumatano kumrudia mgonjwa, maana tulipokwenda alikuwa amelala. Na Alhamisi Asya akapiga simu: mkwe ameijaza hotpoti halwa ya Nizwa, haamini kuipa gari la abiria, anaomba mtu wa nyumbani aje aichukue. Ijumaa Nassor alikwenda Nizwa. Akala chakula cha mchana mara mbili kwa lazima.

Alirudi akiwa amekumbatia hotpoti, kanzu imekunjana. Nikaimimina halwa, nikaiosha, nikaitia katlesi nilizokwisha kuzikaanga, nikamrudishia mikononi.

"Ya nini tena, mama?"

"Ya Bi Fatma, Ibra. Nilimwambia itafika kesho."

"Na wao wakiipata?"

"Wataijaza, mwanangu. Na wewe utakwenda kuichukua. Si watu wa kurudisha chombo kitupu hao."

Naapa nilimwona akihesabu umri uliombakia. Akaiweka hotpoti mezani, akatia mkono mfukoni, akaziweka funguo juu ya mfuniko. "Khalas, mama," akasema. "Punguza mwendo tu." Alipofika mlangoni akageuka, na sasa ndiye Nassor wangu wa zamani, akainamisha kichwa. "Na Rahma mwambie nami nitakuja. Si wiki ijayo. Nitakuja."

Nikambusu kipaji cha uso, nikampa katlesi mbili za njiani mpaka Bawshar.

Kwa hiyo, wifi, kesho alfajiri natoka. Ibra nitapita tu, Bi Fatma akinishika nitasema gari linachemka. Nimechukua mdalasini, pilipili manga, kanga za kumfunga tumbo, na ile ya kwako ya zambarau ambayo sikuweza kuitoa sadaka. Siku zake si mbali, nitakaa Sur mpaka arubaini iishe. Nyumba nimeifunga, na paka nimemwachia jirani pamoja na mawaidha.

Mungu akulaze mahali penye nafasi na ubaridi, akutie nuru. Malaika wakija kukuuliza, jibu walilouliza tu, usiwaelekeze njia. Nakuombea kila swala, na nakukosa zaidi ninapotaka kumsema mtu.

Ahadi yangu ni moja. Saa itakapofika, Rahma akigeuza uso kumtafuta mama yake chumbani, atanikuta mimi. Sitoshi, najua sitoshi. Lakini nitakuwapo.

Wifi yako,
Zuwena