Jibu Kuhusu Pikipiki ya Jemutai

Eldoret,
Jumapili, 2 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na ng'ombe wote kwa majina yao. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia kwamba wageni wakija unaficha fimbo nyuma ya mlango na kutembea kama kijana, halafu wakiondoka unamwita akuletee. Nilicheka, kisha nikaliombea goti. Mimi ni mzima. Vumbi la Januari lilinipa kikohozi, lakini kimekwisha, na wanafunzi wangu chuoni wamefungua muhula vizuri.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe mwenyewe hupenda kusema kwamba ukishakata simu maneno yamekwenda, lakini barua mtu anaweza kuvaa miwani akairudia. Hii huenda ukataka kuirudia. Nimempa Jemutai akuletee, na nimemkataza kuifungua. Unamjua. Nimeibandika gundi mara mbili.

Krismasi ulisema mbele yetu sote kwamba hakuna mtoto wako atakayekalia pikipiki ya Mchina. Jemutai alipoanza kulia, ukasema basi, kwa kuwa Joyline ndiye aliyesomea injini, aende akachunguze, na akisema zinafaa utafikiria upya. Sijasahau kwamba ni neno langu ulilosema utalisikiliza. Chama cha wafugaji kule Ziwa kimempa mdogo wangu hadi mwisho wa mwezi huu. Kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija, bila fahali, ni yake akiwa na pikipiki. Asipokuwa nayo, kuna mwingine anayengoja. Ng'ombe akishika joto hamsubiri daktari anayekuja kwa miguu. Na ile ya Japani, hata iliyotumika, bei yake hawezi kuifikia. Ni hii ya Kichina au hakuna. Hatainunua bila neno lako, Baba.

Kwa hiyo nilianzia Ziwa, kwa Kiplimo, ambaye hufanya kazi hiyohiyo. Ana moja ya zile ndefu za matope, zenye matairi ya meno, na ameiendesha miaka mitatu. Nilimwomba asinisifie wala asiitukane, anieleze tu alichobadilisha. Alisema cheni ya kwanza ilikuwa laini kama mkate, akaitupa baada ya miezi miwili. Waya wa klachi umekatika mara tatu, na sasa hubeba mwingine chini ya kiti. Bearing za gurudumu la nyuma alibadilisha mara moja. Injini haijafunguliwa. Kila Jumapili baada ya kanisa hukaza nati zote, moja moja, na mke wake husema anaijua pikipiki hiyo kuliko anavyomjua yeye.

Halafu nilimtafuta Mulongo, anayepeleka viazi kutoka Burnt Forest. Yake ilikufa kabla ya mwaka kuisha. Nilimuuliza alikuwa akimwaga oili baada ya muda gani. Aliniuliza kwani oili humwagwa. Nilikagua fremu ikiwa imelazwa kando ya choo, na kweli, mahali pamoja walichomelea vibaya kiwandani, pakapasuka. Kwa hiyo kosa lilikuwa nusu lake na nusu lao.

Nikiandika kama mwalimu wa injini, jibu langu ni hili. Injini yenyewe ni ya muundo wa zamani, ule wa Wajapani, ulionakiliwa. Haina mengi ya kuharibika, na spea zake zinapatikana hata Cheptiret. Vinavyozunguka injini ndivyo dhaifu: cheni, nyaya, nati, taa. Mtu mvivu asinunue. Jemutai si mvivu. Inamfaa.

Ningeweza kuishia hapo, Baba, na sahihi yangu ingetosha. Lakini kila niliyemuuliza ni nani anayezijua pikipiki hizi kwa kweli alinitajia fundi mmoja, aliye mtaa wa Langas hapa mjini. Nilizunguka wiki mbili nikiwauliza wengine wote kwanza. Najua jina lake, Githinji, halijatajwa nyumbani kwetu kwa miaka kumi na sita. Nakumbuka pia lilivyokuwa likitajwa kabla ya hapo. Nakumbuka sanduku lake la spana ulilolificha chini ya mahindi yetu, mwaka ule mbaya wa vita vya uchaguzi alipolazimika kukimbia, na jinsi aliporudi ulivyomfungulia akahesabu mbele yako na kukuta hata nati haikupungua. Mlikaa wote wawili sakafuni ghalani mkicheka bila sababu. Mwaka uliofuata alikuuzia pikipiki ya kwanza ya Kichina kuonekana upande wetu, ukabeba nayo maziwa ya majirani.

Unakumbuka ilivyoisha. Ilianza kutoa moshi, ikakosa nguvu, ikafia kwenye mlima na maziwa ya watu yakachachia juani. Kazi ikachukuliwa na mwenye pikapu, na wewe ukarudia baiskeli iliyokuharibia goti. Githinji alikuja, akaifungua injini pale uani. Ulimwambia kwamba amekuuzia takataka, kwamba ulimtunzia mali yake na yeye akakufanya mjinga. Alifunga sanduku lake akaenda.

Baba, pikipiki ile haikuwa mbovu. Niliiua mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa Jumamosi, mlikuwa mmeenda matangani, na nilitaka urudi uikute inang'aa. Nilikuwa nimemwona Githinji akitoa ile sponji ya njano inayochuja hewa kabla haijaingia kwenye injini, akaiosha. Nikaitoa. Nikaiosha kwa sabuni ya Mama, nikaianika kwenye waya wa ua. Niliporudi kutoka mtoni, yule ndama mweupe alikuwa anatafuna kipande cha mwisho. Nikafunga kifuniko juu ya tundu tupu, nikakaza skrubu zote nne vizuri sana. Ulirudi ukanisifu. Ukaiendesha miezi miwili katika vumbi la barabara ya murram, na vumbi lote likaingia tumboni mwa injini likaila kama msasa. Sikujua ndilo lililoiua mpaka mwaka wangu wa pili chuoni, mwalimu alipochora picha ubaoni. Nilitoka darasani. Lakini kwamba nilikuwa nimefanya kosa, hilo nilijua siku zote.

Watu huniuliza kwa nini msichana alichagua injini. Huwa nasema napenda hesabu.

Nilipofika Langas nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Hakunipa nafasi. Aliinua kichwa, akalitazama paji langu la uso, ambalo ni lako, akaniuliza kama yule ndama alipona. Alikuwa amejua, Baba. Siku ile uani aliona kisanduku cha sponji kitupu, akaona uzi wa njano wa sponji umenaswa kwenye waya pamoja na manyoya meupe ya ndama, akaniona mimi nyuma ya ghala. Aliuchomoa ule uzi akautia mfukoni. Nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Alisema ulikuwa na hasira siku hiyo, na katika boma lile mtoto aliyependa kukaa karibu na spana zake alikuwa mmoja tu. Angechapwa kwa ajili ya injini, asingegusa nyingine maishani. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, alinipa mgongo akawa anatafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Sikuombi unisamehe haraka. Nina miaka ishirini na saba na ningali naogopa sura yako utakapofika mstari huu. Ila Jemutai asiadhibiwe kwa kosa langu, wala yeye Githinji zaidi ya alivyokwisha kuadhibiwa.

Amemchagulia Jemutai pikipiki moja, amekagua kila kiungo, ameweka cheni mpya. Ukikubali, ataileta mwenyewe Jumamosi asubuhi. Anasema hataingia, atasimama barabarani azime injini, na kama hujatoka, atamwachia Jemutai ufunguo na kurudi zake. Akija nitakuwa nyuma yake, kwa hiyo ukitaka kunigombeza nitakuwa karibu.

Nisalimie majirani, na umwambie Mama kikohozi kimekwisha kweli. Mwambie pia, kama moyo wako utaruhusu, atenge kibuyu kimoja cha mursik, yale maziwa yake ya mgando, kwa Jumamosi. Githinji aliniuliza kama Mama bado anautia mkaa mwingi. Hajauonja tangu siku ile.

Mimi binti yako,
Joyline