Gunia Juu ya Shimo

Kabondo, Kisangani

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na Papa. Mguu wako umepona, au bado unaufunga dawa na kuwaficha wageni wasione? Sisi huku tu wazima. Toma ameota meno mawili, anamuuma kila anayembeba, mimi wa kwanza. Mkwe wako bado yuko kwenye bustani ya misioni, na Kifaransa chake kinakua kuliko mtoto. Hicho Kifaransa ndicho nataka kukusimulia.

Siku nilipoondoka Ubundu uliniwekea ufagio juu ya mizigo, ukasema mwanamke anajulikana kwa uwanja wake. Neno lako nililishika. Kila asubuhi nilifagia majani yote makavu nikayachoma, lisibaki hata moja. Maganda ya mihogo na ya ndizi za makemba, pamoja na matumbo ya samaki, nilitupa katika shimo nyuma ya jiko, maana nilitaka yaoze yawe udongo mweusi wa kupandia mboga ya lengalenga, kama ule wa misioni. Nikapata uji wenye nzi, na harufu ya kumfukuza mbwa.

Jirani yetu ni Mama Eliza, mke wa mvuvi wa pale kwenye maporomoko. Ndiye aliyenishika mkono Toma alipozaliwa, wewe ukiwa mbali. Kuna kijia kutoka mlangoni kwake mpaka jikoni kwangu, na jioni alikuwa anakuja tutwange majani ya pondu pamoja. Siku moja akasimama katikati ya kijia, mkono puani.

"Mama Toma, sisi tuko batu ya samaki, harufu tunazoea. Lakini hii iko inatushinda. Bwana yangu anasema tufunge njia."

Nilijichekesha mbele yake, kisha nikaingia ndani nikalia. Katika mji huu mzima sina mwingine wa kumwita dada.

Mkwe wako akaenda kumuuliza frère, yule mtawa wa bustani, akarudi kifua mbele. "Bon," akasema, "kila unapotupa kitu kibichi, unatia sac juu yake. Sac, basi." Tukachukua gunia letu zuri la mchele tukafunika shimo. Jua lilipolipiga lile gunia, Mama, sitaki hata kukueleza. Mama Eliza na bwana wake wakaanza kukata miti ya kujenga ua, wafunge kijia.

Nikabeba gunia lenyewe mpaka misioni, mkwe wako nyuma yangu. Frère akalitazama, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaegemea jembe.

"Hapana sac, mama. Sec. Kitu ya kukauka. Majani, mabua, unga ya mbao."

Kumbe takataka za jikoni zina maji mengi, na zikirundikana peke yake zinakosa hewa, ndiyo maana zinanuka. Kila tabaka bichi linataka kikavu juu yake, kinywe maji na kupitisha hewa, na kikavu kiwe kingi kuliko kibichi. Na majani makavu ndiyo niliyokuwa nayachoma kila asubuhi nipate sifa. Mkwe wako hakusema Kifaransa njia nzima ya kurudi.

Nikaugeuza ule uji kwa jembe, nikauchanganya na majani na mabua ya mahindi, nikafunika kwa mengine juu. Harufu ikapungua, halafu ikaisha. Shimo likapata joto, ukitia mkono unadhani umetia chunguni. Sasa udongo ni mweusi, lengalenga zimeota, na mimi nina raha.

Juzi Mama Eliza akaja kwa kijia kilekile, kikapu kichwani, kimejaa majani makavu ya uwanja wake. "Mama Toma, sec yako hii," akasema, akakaa kwenye kibao chake cha zamani. Pondu ya jioni ile tuliipika kwa kuni za ile miti ya ua.

Nisalimie Papa na kikohozi chake, mjomba, tonton wetu anayeshona nyavu, na dada yangu mkubwa, mwambie Toma ana meno kama yake. Ukimpata mtu wa treni, nitumie makapi ya mpunga, najua huko mnayamwaga. Na siku utakayokuja utakuta lundo la majani kando ya jiko. Usione aibu kwa ajili yangu. Ufagio wako bado ninao. Ukiushika, fagia kuelekea shimoni.

Mimi binti yako,
Veronika