Soledad, Jina Lako kwa Mjukuu

Mama mpendwa,

Nakuandikia kukuomba ruhusa. Kaka Bahati amepata binti, na tunakusudia aitwe Soledad, kama wewe.

Jambo hili nusura likwame. Mwenzangu mmoja kazini, mzaliwa wa Meksiko, alinieleza kwamba kwa Kihispania jina hilo maana yake ni upweke. Nilipolifikisha neno hilo nyumbani kwa kaka, Apple Valley, mkewe, Neema, alimvuta mtoto kifuani. "Shemeji, mimi nimpe mwanangu upweke? Huo si tunao tayari?"

Wewe ulitwambia tu kwamba ni jina la yule sista Mhispania aliyekupokea ulipozaliwa, kule misheni karibu na Bukavu, na kwamba alikuwa na mikono ya moto. Basi nikalichunguza, kama masomo yalivyonizoeza. Asili yake ni Kilatini. Lakini Wahispania huwapa binti zao jina hilo kwa heshima ya Bikira Maria, akiwa amebaki peke yake baada ya kumzika Mwanawe. Na siku ya Ijumaa Kuu, mahali pengi, waumini huenda kanisani kumpa pole na kukaa naye.

Yaani matanga, Mama. Kama watu walivyokuja kwetu ulipofariki, wakalala sebuleni, wakapika sombe ya majani ya muhogo, kisha wakarejea kazini, kwa kuwa huku ugenini kazi haingoji. Mwezi uliopita nilipandishwa cheo. Nilishika simu, nikakumbuka kwamba niliyetaka kumpigia ni wewe. Nikala wali wa jana, nimesimama, katika nyumba yangu ya Plymouth.

Jumapili nilimweleza Neema yote, hata habari ya wali. Alimpigapiga mtoto mgongoni.

"Aitwe," akasema. "Ila na wewe uhamie hapa. Hatuwezi kumwita mtoto hivyo, halafu wewe tukuache ule peke yako kama mlinzi."

Kaka alicheka. Mimi sikuweza. Nimekubali, Mama, nitahama.

Pumzika kwa amani. Nakuahidi kwamba mtoto huyu atalijua jina lake pamoja na habari zako zote. Kabla hajabatizwa, tunataka umwone wewe kwanza. Tutamleta kaburini Jumamosi hii, saa nne asubuhi.